Tanuri la Nizar

Winnipeg, mtaa wa Sargent, Januari,
baridi ya kugandisha kope.
Chini ya kanisa, ngazi kumi na moja kushuka,
jiko linanuka vitunguu vya jana
na mimi nina kalamu.

Kazi yangu ni fomu.
Fomu ya leseni, fomu ya bima, fomu ya afya,
fomu inayouliza kama friji yako ina kipimajoto
na kipimajoto chako kina cheti.
Letebrhan anauliza: na hicho cheti, kina mama?
Tunacheka. Kisha naandika "ndiyo".

Ufunguo anao Sigrun, miaka themanini na miwili.
Bibi yake alitoka Aislandi, akauza soksi za sufu
mlango kwa mlango katika mtaa huu huu,
"na wengi," asema, "walimfungulia mbwa."
Haongezi neno. Anasugua sinki.

Benki ilimwandikia Nizar barua ya heshima:
tunathamini ndoto yako,
tunasikitika, huna historia hapa.
Hana historia!
Mtu wa Aleppo, baba mwokaji, babu mwokaji,
unga umelowea kwenye mistari ya viganja
hata sabuni imekata tamaa.

Ndipo Dionisia, mshona mapazia kutoka Iloilo,
akasema kwao kuna mchezo wa fedha:
kila mtu atia, mmoja achukua, zamu yazunguka.
Letebrhan akadakia: hiyo ni ukub!
Nizar: jam'iya, mama yangu ndiye aliyeshika daftari.
Nami nikasema: upatu.
Neno likatoka na vumbi lake
kama sahani ya wageni iliyosahauliwa kabatini.
Sigrun akauliza, na atakayekimbia na fedha, je?
Tukamtazama sote.
Akimbilie wapi, na theluji hii?

Tulikuwa tisa. Dola mia mbili kila mtu, kila mwezi.
Vikaratasi ndani ya bakuli la saladi.
Zamu ya kwanza: Nizar.
Akanunua tanuri kuukuu la mkahawa uliofilisika,
chuma kitupu, zito kama deni,
likaletwa na gari la kubebea magodoro
Jumamosi, nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Halikupita mlangoni.
Sentimita nne. Nne tu!
Tulikuwa tumepima friji, tumepima moshi, tumepima chumvi;
mlango hakuna aliyeupima.

Sigrun akaingia stoo, akarudi na bisibisi.
"Ng'oeni."
Bawaba za tangu enzi za vita zikalia.
Baridi ikaingia kama mkaguzi, bila hodi,
ikapekua sufuria, ikageuza kurasa za fomu zangu.
Pale kituoni watu walikuwa wakingoja basi;
mmoja akaja, kisha wawili,
kisha basi lenyewe likasimama, dereva akashuka
akivaa glavu.
Kila mtu alihesabu kwa lugha yake,
moja-mbili-tatu zikagongana hewani,
tanuri likakwama ngazi ya saba,
mpaka Dionisia, mfupi kuliko sote,
akapiga ukelele usio wa lugha yoyote,
nalo likashuka.

Mikate ya kwanza iliungua upande mmoja.
Tuliila vivyo hivyo, wima, makoti mwilini.
Sigrun akapaka jamu yake ya plamu,
Letebrhan akanyunyiza pilipili juu ya jamu,
dereva akala viwili akakumbuka abiria.

Zamu ya Letebrhan ni Juni.
Bado namjazia fomu.
Mlango tuliurudisha usiku ule ule;
umekaa upande kidogo,
haufungi sawasawa hadi leo.
Mkaguzi ameuandika kwenye ripoti.
Tumemwambia tutaurekebisha.
Hakuna anayekumbuka bisibisi iko wapi.